Pale Nilipoliweka Neno "Si Haba"

Mama yangu mdogo alikuwa mtu wa kushukuru. Ukimwuliza hali, alikujibu alhamdulillahi kabla hujafunga kinywa, na hata akiwa mgonjwa alijibu vivyo hivyo, ila kwa sauti ya chini kidogo. Aliishi mtaa wa Shika Adabu, huku Likoni, katika nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe, pamoja na binti yake na wajukuu. Nyuma ya nyumba, ukipita ua wa jirani, palikuwa na kisima cha pampu ya mkono ambacho mtaa mzima ulikitegemea. Naandika habari za kifo chake, na za kazi ndogo niliyoifanya mimi kabla ya kifo hicho, kwa kuwa watu wengi nimewaeleza nusu tu, na nimechoka na nusu.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari hapa Likoni. Sikuwahi kufikiri kwamba kazi yangu ingeweza kumdhuru mtu. Kosa kubwa la mwalimu wa lugha, nilidhani, ni kumfunza mtoto sarufi mbovu, na sarufi mbovu haiui. Basi mradi mmoja wa maji ulipotafuta mtu wa kufasiri fomu zao za maswali, na mkuu wa shule akanitaja mimi, nilikubali kwa furaha, na kwa majivuno kidogo pia.

Mradi ulikuwa na uwezo wa kujenga mahali pamoja tu kwanza: bomba la maji matamu, tangi, na vioski vya kuchotea. Mitaa iliyoshindaniwa ilikuwa mitatu. Mmoja ni huo wetu wa Shika Adabu, wa pili uko upande wa Kisauni, kupita Kiembeni, na wa tatu uko Changamwe, karibu na Port Reitz. Miwili itakayobaki ingengoja awamu nyingine. Hakuna aliyesema awamu hiyo ni lini.

Aliyekuwa na dhamana ya hesabu ni mhandisi mmoja kijana kutoka bara, mpole, aliyezungumza Kiswahili safi ila cha mbio. Siku ya kwanza nilipovuka feri kwenda ofisini kwao Changamwe, alinikalisha mbele ya ubao akaniuliza swali ambalo sikulitarajia kutoka kwa mtu wa hesabu. Aliniuliza, nikionja maji ya kisima baada ya kisima, ni wapi hasa maji yanapoacha kuwa matamu yakaanza kuwa ya chumvi. Nikamwambia hapo hapana mtu awezaye kupaonyesha kwa kidole. Akacheka. Akasema hesabu za kawaida hudai mpaka, lakini yeye ametumia miaka yake chuoni akisomea hesabu zisizoudai.

Akachora mstari kutoka sifuri hadi kumi, na juu ya mstari akachora vilima vidogo vidogo, kama mahema yaliyopigwa karibu karibu hata pindo za hili zikaingia chini ya lile. Kila hema lilikuwa neno. La kwanza "mbaya sana", la pili "mbaya", kisha "wastani", "nzuri", "nzuri sana". Maji yaliyosimama kati ya mbaya na wastani yalikuwa ndani ya mahema yote mawili, huku kwa sehemu na huku kwa sehemu. Maneno ya watu yangegeuzwa mahema, mahema yakachanganywa pamoja, na mwisho kila mtaa ungepata nafasi yake: wa kwanza, wa pili, wa tatu, wenye hali mbaya zaidi ukiwa wa kwanza kujengewa. Wenyewe walikuwa na jina refu la Kiingereza kwa jambo hilo. Mimi nikaliita hesabu za ukungu, na jina hilo likashika hata ofisini.

Nilipendezwa, siwezi kukana. Nilirudi Likoni siku ile nikijisemea kwamba hatimaye watu wa hesabu wameligundua jambo ambalo sisi watu wa lugha tumelijua siku zote.

Taabu ilianza fomu zilipojaribiwa. Waliohojiwa hawakuyataka yale maneno matano. Ukimwuliza mtu usafi wa maji yake ukoje, hakwambii ni wa wastani. Hukwambia twashukuru. Hukwambia yaenda, afadhali, yatosha, taabu tu, Mungu atajalia. Na zaidi ya yote, hasa upande wetu wa kusini, walisema si haba. Mhandisi hakukasirika. Alisema haya ndiyo maneno ya kweli na hayafai kutupwa, ila yeye hawezi kuyaweka mahali pake kwenye mstari, kwa sababu Kiswahili si cha kwao. Akanipa orodha na karatasi zenye mstari umeshachorwa, akaniomba nilipatie kila neno hema lake.

Niliifanya kazi hiyo nyumbani kwa siku mbili, kamusi mbili zikiwa wazi mbele yangu. "Taabu tu" niliiweka karibu na mbaya. "Afadhali" niliiweka chini kidogo ya wastani, kwa kuwa afadhali hulinganisha na kitu kibaya zaidi. "Si haba" ndiyo iliyonikalisha. Haba ni kidogo, basi si haba ni si kidogo, yaani kinaridhisha. Kamusi zote mbili ziliniunga mkono. Nililipigia hema lake kati ya wastani na nzuri, likiegemea zaidi upande wa nzuri, na chini yake nikaandika maelezo marefu yenye mifano. Mhandisi alipoyasoma aliniambia hajapata kuona kazi nadhifu kama ile. Niliyahifadhi maneno yake ya sifa kama mtoto anavyohifadhi peremende.

Wiki chache baadaye wahoji waliingia Shika Adabu, na mimi nikafuatana na mhandisi kukagua kazi yao. Nyumba zilichaguliwa kwa kuhesabu, kila baada ya idadi fulani, na hesabu ikamwangukia mama mdogo. Nilimwambia mhandisi kwamba huyu ni ndugu wa mama yangu. Akafikiri kidogo, akasema basi atamhoji yeye mwenyewe, nami nikae kando nisitie neno, ili mradi usije ukalaumiwa kwa upendeleo. Nikakaa kwenye mkeka karibu na mlango wa uani.

Alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba kwa furaha, na kabla ya swali la kwanza chai ilishamfikia, pamoja na mahamri yaliyobaki asubuhi. Aliuliza umbali wa kisima, akajibiwa ni hapo tu nyuma, mtoto huenda na kurudi. Aliuliza wingi wa maji, akajibiwa hayajapata kukauka. Kisha akafika kwenye usafi.

"Na usafi wake, mama, wauonaje?"

"Alhamdulillahi, mwanangu. Si haba."

"Na ladha?"

"Si haba," akasema tena, akamsukumia sahani ya mahamri.

Mhandisi akaandika. Alipotoka kwenda nyumba nyingine nilimfuata mama mdogo jikoni. Mimi nilikulia karibu na kisima kile na nilikijua. Maji yake yalikwaruza koo kwa chumvi, na tangu nyumba za kupangisha zilipoongezeka, na vyoo vya shimo pamoja nazo, yalikuwa na harufu mvua ikinyesha. Nikamwuliza kwa nini amesema si haba.

Alishangaa kuulizwa. "Sasa mgeni yuko kwangu, ameketi, anywa chai yangu," akasema, "nimwambie maji yetu ni machafu? Atainywa vipi hiyo chai?"

Akanionyesha kwa kidevu mtungi mmoja uliofunikwa sahani, umewekwa kando ya mingine. Chai ile haikupikwa kwa maji ya kisima. Yalikuwa maji ya mkokoteni, anayonunua kidogo kidogo na kuyatenga kwa wageni na kwa kumezea dawa zake za sukari. Yeye na watoto walikunywa ya kisima.

Nilicheka. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote, kwamba nilicheka, nikambusu mkono, nikatoka.

Njiani nilikuwa na nafasi ya kumwambia mhandisi. Tulitembea pamoja kutoka nyumba hiyo hadi barabarani, juani, naye aliniuliza mara mbili kama kuna jambo. Ningeweza kumwambia: neno lile silo nililokuandikia, kinywani mwa watu hawa halipimi maji, linamsitiri mgeni na kumsitiri mwenye nyumba. Sikusema. Sababu ya kwanza niliyojipa ni kwamba angedhani nautetea mtaa wa jamaa zangu. Ilikuwa sababu nzuri na ya kweli. Ya pili sikujipa wakati ule, ila naijua sasa. Nilikuwa nimeshasifiwa kwa kazi nadhifu, na kamusi mbili zilikuwa upande wangu.

Majibu yalipokwisha kukusanywa tuliitwa kwenye mkutano katika ukumbi wa kukodi, wakubwa wa mradi wakiwa mbele. Mhandisi aliwaeleza kwamba kuna njia zaidi ya moja ya kuyachanganya mahema kuwa jawabu moja. Katika njia ya kwanza, jambo zuri humsaidia mwenziwe baya: kisima kikiwa karibu na chenye maji mengi, ukaribu na wingi huo huinua usafi wake uliolala. Katika njia ya pili, mtaa huhukumiwa kwa jambo lake baya kuliko yote, na mazuri mengine hayauokoi. Wakubwa hawakujadiliana kwa muda mrefu. Walisema njia ya pili ni kali mno, itaifanya mitaa yote mitatu ionekane imeoza, na wafadhili hawatapenda. Wakachukua ya kwanza. Mhandisi aliinamisha kichwa akaandika. Nami nilikuwa pale kama mfasiri, nikawafasiria wajumbe wa mitaa uamuzi huo kwa Kiswahili kilichonyooka, na hakuna aliyeuliza swali.

Hakuna mpishi atakayekwambia kwamba mchuzi wenye tui zuri na samaki aliyeoza ni mchuzi wa wastani. Nilikuja kuliwaza hilo baadaye sana. Siku ile niliwaza kwamba ukumbi una joto.

Jawabu lilitoka: wa kwanza ni mtaa wa Port Reitz, wa pili Shika Adabu, wa tatu ule wa Kisauni. Sitaki mtu adhani watu wa Port Reitz walidanganya. Niliwahoji baadhi yao mimi mwenyewe. Wengi walikuwa wafanyakazi wa bandarini na wa uwanja wa ndege, wametoka pande nyingi za nchi, na mabomba yao yalikuwa makavu. Ukiwauliza, walikwambia mbaya sana, moja kwa moja, na kama hujaandika vizuri walirudia. Walisema kweli yao. Sisi yetu tuliifunika sahani.

Nilimpelekea mama mdogo habari kwamba tumekuwa wa pili. Akasema alhamdulillahi, wa pili si wa mwisho.

Masika ya mwaka uliofuata yalikuja kwa nguvu. Maji yalisimama katika nyua, mashimo ya vyoo yakajaa, na baadhi yakafurika juu ya ardhi. Watu wa mtaa waliendelea kupampu kwa kuwa kisima kilikuwa hapo hapo, karibu, na hakijapata kukauka. Watoto walianza kuhara, kisha watu wazima. Binti wa mama mdogo, ambaye mimi namwita dada ingawa nimemzidi umri, alinipigia simu siku ya tatu ya ugonjwa wa mamake. Alisema mama amekuwa akimwambia ni tumbo tu, lavuruga, litatulia. Asubuhi ile amemwinua kumpeleka msalani, akaona miguu haimbebi.

Nilifika nikamkuta amelazwa ubavu kwenye kitanda cha kamba, macho yamezama, ngozi ya mkono ukiivuta yabaki imesimama. Akanitambua, akataka kuketi ili aniamkue vizuri. Tulimkodia gari, tukaenda hospitali. Foleni ilikuwa ndefu, na wauguzi walikuwa wakitoka kitanda hadi kitanda bila kupumzika. Muuguzi mmoja, mwanamke wa makamo, alimwinamia akamwuliza anajisikiaje.

"Afadhali, mwanangu," mama mdogo akasema.

Dada yangu akasema si kweli, akaeleza kwa niaba yake, ni siku ngapi, ni mara ngapi, na habari ya sukari. Muuguzi akamsikiliza, akamwita mwenziwe, wakamtundikia chupa ya maji mkononi. Nawashukuru wale wauguzi hadi leo. Walifanya waliloweza. Daktari alituambia jioni ile kwamba figo zimechoka, kwamba mwenye sukari hastahimili kukauka kiasi kile, kwamba wangejaribu. Alikaa siku mbili. Siku ya pili alasiri aliomba ageuzwe aelekee dirishani, tukamgeuza, na muda mfupi baadaye akafa. Dada yangu alikuwa amemshika mguu juu ya shuka. Mimi nilikuwa nimesimama nikitafuta mahali pa kuweka chupa tupu.

Tulimrudisha Shika Adabu kumwosha. Kisima kilikuwa kimefungwa kwa kamba na maafisa wa afya, na dawa imetiwa ndani. Jirani mmoja alikwenda kutafuta mkokoteni, akakawia, kwani mtaa mzima ulikuwa ukitafuta mkokoteni ule ule, na maiti haifai kungojeshwa. Dada yangu akaingia jikoni akatoka na ule mtungi uliofunikwa sahani. Ulikuwa umejaa. Sisi wanawake tulimwosha mama mdogo kwa maji ya wageni, mimi nikimwaga na wengine wakimpitishia mikono, na yalitosha.

Baada ya hitima nilivuka kwenda Changamwe. Mhandisi alikuwa bado katika ofisi ile ile, kuta zimejaa ramani za Port Reitz. Nilimpa habari, akasimama, akanipa pole, akamkumbuka mama mdogo na mahamri yake. Nikamwambia yale niliyopaswa kumwambia siku ile barabarani. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akafungua tarakilishi yake, akaniuliza kwa upole kama nataka kweli kuona. Nikasema nataka.

Akalitoa hema la "si haba" mahali nilipolipiga, akalisogeza kushoto, karibu na mbaya. Akaamrisha hesabu irudiwe. Shika Adabu ilipanda, ikaikaribia Port Reitz sana, lakini haikuipita. Port Reitz ilibaki ya kwanza. Sijui namna ya kuielezea hali iliyonipata hapo. Kwa muda mfupi nilihisi nafuu, nikaona haya kwa nafuu hiyo.

Mhandisi hakufunga tarakilishi. Alikaa akiitazama, kisha bila kuombwa akaibadilisha ile njia ya kuchanganya. Aliweka njia kali, ile inayomhukumu mtu kwa baya lake. Shika Adabu ikawa ya kwanza. Akalirudisha neno langu pale nilipoliweka mimi mwanzo, na Port Reitz ikarudi juu. Akalisogeza tena, Shika Adabu ikapanda. Alifanya hivyo mara tatu, taratibu, kama mtu anayejaribu mlango aliokwisha kujua umefungwa.

"Imehitaji vyote viwili," akasema. "Neno lako na njia yangu."

Nikamwambia njia ilichaguliwa na wakubwa. Akasema yeye ndiye aliyewapa mbili wachague, na alijua ipi inafaa kwa maji ya kunywa, tangu chuoni alijua, na hakuinua sauti. Aliniahidi kuandika barua kwa wakubwa wake, na aliandika, kwani alinitumia nakala. Jibu lilikuja kwa sentensi mbili, kwamba hatua ya tathmini ilishapita na kwamba maoni yake yatazingatiwa katika awamu ijayo. Mwaka haukwisha akahamishwa. Namba yake ninayo, ila hatupigiani.

Nilikwenda Port Reitz mara moja, nikijidanganya kwamba nina shughuli huko. Vioski vilikuwa vimesimama, vimepakwa rangi ya buluu, na foleni ya mitungi imepinda kona mbili. Mwanamke mmoja niliyezungumza naye alikuwa amemleta mwanawe kliniki asubuhi, kisha akarudi kupanga foleni. Alisema maji hutoka siku mbili kwa juma, lakini yakitoka ni masafi, na mwanawe hajahara tangu kioski kifunguliwe. Niliondoka bila chuki niliyoitafuta.

Kilichobaki kilikuwa kumwambia dada yangu. Nilichelewa kufanya hivyo kwa miezi. Kila nilipokwenda Shika Adabu nilimkuta ana kazi, au nilijitafutia kazi mimi, na nilipika na kufua katika nyumba ile kuliko nyumbani kwangu. Mwishowe nilimwambia siku moja baada ya swala ya alasiri, tukiwa tunachagua mchele, yeye upande mmoja wa ungo na mimi upande wa pili. Nilimweleza neno, hema, kamusi, jikoni, barabarani. Nilimweleza pia ya njia ya pili, ili asidhani najibebesha peke yangu, kisha nikajutia kuisema, kwa kuwa ilisikika kama utetezi.

Hakuacha kuchagua mchele. Alitoa chenga, akazitupa kando, akatoa nyingine.

"Mama angekukasirikia," akasema hatimaye. "Ungemwambia yule kijana kwamba maji yetu hayafai, na amekunywa chai kwetu, mama asingekusemesha mwezi mzima." Kisha akasema, bila kuinua macho, "Lakini angekuwako wa kukasirika."

Tulimaliza ungo ule, akaleta mwingine.

Baada ya hapo hakunigomba wala hakunifukuza. Alinitumia. Wiki iliyofuata aliniita, nikakuta ua umejaa wanawake wa mtaa, akaniuliza nimeleta kalamu au sikuleta. Walitaka barua ya malalamiko kwa wakubwa wa mradi, na mimi ndiye niliyejua kuandika. Nilianza kama zinavyoanza barua zetu zote, kwa heshima na taadhima, na sentensi ya pili wakanipa wenyewe: twashukuru kwa juhudi zenu. Dada yangu akasema nifute twashukuru. Kukawa na mabishano ya chinichini. Jirani mmoja mtu mzima, aliyekuwa rafiki wa mama mdogo, aliuliza kama ni halali kuinyooshea kidole riziki ya Mungu.

"Maji ni ya Mungu," dada yangu akamjibu kwa adabu. "Kisima kilichimbwa na watu, na vyoo vilichimbwa na watu."

Basi tukaandika. Iliwachukua muda kuyatoa maneno. Mmoja alisema maji si mazuri sana, mwingine akamwambia aseme lile analolisema akiwa peke yake na watoto, naye akalisema. Yananuka. Yanatuhara. Nilisahihisha sarufi pale tu iliponilazimu, na mahali pengine niliiacha. Wakahesabiwa waliokufa masika yale kwa majina, na jina la mama mdogo nililiandika kwa mkono wangu, la tatu kutoka juu, kwani waliandikwa kwa mfuatano wa siku.

Tuliipeleka barua sisi watano. Karani aliipokea, akaipiga muhuri, akatupa nakala. Ni zaidi ya mwaka sasa. Tumerudi kuuliza mara kadhaa, tumeambiwa imepelekwa mbele. Mwaka jana vijana walikuja na vipimo, wakachora alama nyekundu kando ya njia, na mvua imeshazifuta. Kamba za maafisa wa afya zilikatika zenyewe kwa jua, na mkono wa pampu umetengenezwa na fundi wa mtaani. Watu wanachota tena kutoka kisima kile, kwa sababu hakuna kingine. Dada yangu huwachemshia wanawe, siku anapokuwa na makaa.